Kanuni ya Gesi na Maisha Yetu ya Ufipa

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mtumishi wa serikali katika shughuli za afya, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu.)



 Katibu aliponiandikia, alinitaka nizungumze juu ya elimu na utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba juu ya hayo watasema wengi, tena wenye mvi kuliko zangu. Mimi niliomba nizungumze juu ya kanuni moja tu. Iliandikwa ubaoni katika madarasa haya haya, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, na wengi wetu tukaiacha getini siku tulipobeba masanduku yetu kwenda nyumbani. Nayo ni kanuni ya gesi.

Naomba wazee wenzangu msisinzie. Sikuja kufundisha, maana walimu wapo. Nimekuja kutoa ushahidi kwamba kanuni hii imewahi kuokoa kibarua cha mtu mbele ya macho yangu, na kwamba kila wiki inasaidia kujua kama mgonjwa atafika hospitali akiwa bado ana hewa ya kuvuta.

KANUNI YENYEWE

Gesi ni molekuli zinazokimbia huku na huko bila kutulia, zikigonga kuta za chombo zilimofungiwa. Kani ya migongano hiyo katika kila kipande cha eneo ndiyo kanieneo. Fundi wa matairi huiita upepo, mpishi huiita presha, lakini jambo ni lile lile. Chombo kikiwa kidogo, migongano huongezeka. Joto likipanda, molekuli hukimbia zaidi na kugonga kwa nguvu zaidi. Ukiongeza gesi, wagongaji huwa wengi. Mambo hayo matatu yamekusanywa katika mstari mmoja:

PV = nRT

P ni kanieneo, V ni ujazo, n ni kiasi cha gesi kwa moli, T ni halijoto, na R ni namba isiyobadilika, yaani 8.314. Haikugunduliwa na mtu mmoja kwa siku moja. Robert Boyle alieleza uhusiano wa kanieneo na ujazo mwaka 1662. Jacques Charles alichunguza joto na ujazo mnamo 1787, na Gay-Lussac akachapisha habari hiyo mwaka 1802. Avogadro alileta hoja ya idadi ya molekuli mwaka 1811, na Clapeyron akaziunganisha kanuni hizo mwaka 1834. Ilichukua zaidi ya miaka 170 kupata mstari ambao sisi tulitaka tuuelewe kwa kipindi kimoja kabla ya kengele ya chakula.

Kanuni hii ina masharti mawili, na asiyeyatimiza hupata jibu la kuchekesha.

Sharti la kwanza ni joto. Halijoto lazima ihesabiwe kwa kelvini, yaani chukua nyuzi za Sentigredi ujumlishe 273. Nyuzi sifuri za Sentigredi hazina maana kwamba gesi imekosa joto. Ni mahali tu tulipokubaliana kuanza kuhesabu, pale maji yanapoganda.

Sharti la pili ni kanieneo. Geji ikisoma sifuri haimaanishi kwamba ndani ya chombo hakuna kitu. Inamaanisha kwamba ndani na nje ni sawasawa. Kwa hiyo, ili kupata kanieneo kamili, lazima ujumlishe kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kando ya bahari hewa hiyo ni baa 1 na kidogo. (Vijana wasifikirie baa ile ya vinywaji. Baa hii ni kizio, sawa na paskali 100,000.) Sisi hapa Sumbawanga tuko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina baa 0.8 tu, au kwa usahihi zaidi paskali zipatazo 81,500. Jambo la kwamba hewa hupungua kadiri unavyopanda lilithibitishwa mwaka 1648, pale shemeji yake Blaise Pascal alipopanda mlima Puy de Dôme huko Ufaransa na bomba la zebaki, akaona zebaki inashuka kila anapozidi kupanda. Mtu akibeba bomba kama hilo kutoka Kasanga ziwani mpaka hapa Sumbawanga, ataona yale yale.

Tuchukue mfano wa haraka. Mita moja ya ujazo ya hewa yetu, kwa nyuzi 20, ina moli ngapi? Gawanya 81,500 kwa 8.314 mara 293. Utapata moli 33.5. Dar es Salaam, kwa nyuzi 30, utapata moli kama 40. Ndiyo kusema katika kila pumzi sita mgeni wetu wa pwani amepungukiwa moja. Akija kucheza mpira hapa akahema kabla ya nusu saa, tusimcheke sana. Na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage ya Ufipa, pamoja na sifa zake zote, huchelewa kuiva kwenye sufuria la kawaida.

MALUNGU YA WAZEE WETU

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kuna watu waliotumia jambo hili katika uwanda huu kabla shule haijajengwa. Wazee wetu Wafipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, na mabaki ya baadhi yake, pamoja na mavi ya chuma, yangali yanaonekana katika sehemu mbalimbali za Ufipa. Sifa kubwa ya ilungu ni kwamba halikuhitaji mtu wa kuvukuta. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia chuma. Tanuri kubwa lilijivutia hewa lenyewe kupitia matundu na mirija ya udongo iliyowekwa chini.

Lilijivutiaje? Tuihoji kanuni. Nje ya tanuri, kama tulivyoona, mita moja ya ujazo ina moli 33.5 za hewa, ambazo ni gramu 970 hivi. Ndani, tukichukua wastani wa nyuzi 700, yaani kelvini 973, na kanieneo ikiwa ile ile ya Sumbawanga, tunapata moli 10 tu, ambazo ni kama gramu 290 tukiichukulia gesi ya ndani kuwa sawa na hewa. Tofauti ni gramu 680 kwa kila mita ya ujazo. Tanuri likiwa na urefu wa mita 3, safu ya hewa ya nje inaizidi safu ya ndani kwa kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Uzito huo ni kanieneo ya paskali 20.

Paskali 20 ni kitu kidogo mno. Ni sehemu moja katika elfu nne ya hewa inayotuzunguka, huwezi kuisikia hata kwenye ngozi ya uso. Lakini hiyo ndiyo iliyosukuma hewa kupitia makaa, saa baada ya saa bila kuchoka, mpaka jembe likapatikana. Na hesabu inaonyesha wazi kwa nini tanuri lilijengwa refu. Urefu ukipungua kwa nusu, msukumo nao unapungua kwa nusu. Wazee hawakuiandika kanuni hiyo. Waliijua kwa kujenga, kukosa, na kujenga tena, wakarithishana. Kazi hiyo ilififia wakati wa ukoloni, vyuma na majembe ya viwandani yalipoenea, lakini haifai kijana wa hapa akadhani kwamba habari za gesi na joto ni habari za kuletwa na meli.

TAIRI LA KWENDA MUZE

Nije kwenye mambo ya leo. Tuseme dereva anajaza tairi hapa mjini alfajiri ya mwezi wa saba, baridi ikiwa nyuzi 10. Geji inasoma baa 2.2. Anateremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, bondeni Rukwa, na kwa jua, breki na mwendo, tairi linapata joto la nyuzi 50. Upepo utakuwa kiasi gani?

Mwanafunzi mwenye haraka atasema joto limekuwa mara tano, toka 10 hadi 50, basi upepo nao ni mara tano, baa 11. Kwa hesabu hiyo hakuna gari lingefika Muze, maana matairi yote yangepasuka mteremkoni. Amesahau masharti yote mawili.

Mwenye subira atahesabu hivi. Kanieneo kamili alfajiri ni 2.2 na 0.8 ya hewa ya hapa, jumla baa 3.0. Joto limetoka kelvini 283 hadi kelvini 323. Kwa kuwa tairi halibadiliki sana ujazo, 3.0 mara 323 gawanya kwa 283 ni baa 3.4. Bondeni, kwenye mita 800 hivi, hewa ya nje ni baa 0.9. Toa, geji itasoma baa 2.5. Imepanda kwa baa 0.3, si kwa baa 9.

Hapo kuna somo kwa madereva. Ukifika chini ukaona geji imepanda, usipunguze upepo tairi likiwa la moto. Likipoa litakuwa pungufu, nawe utapanda tena mlima huo na tairi lililolegea.

MITUNGI YA OKSIJENI NA DEREVA

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague mada hii.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimojawapo ambacho sitakitaja, ilipokelewa mitungi 12 mikubwa ya oksijeni, kila mmoja wenye ujazo wa lita 47. Ilikuwa imejazwa katika mji wa mbali wenye joto, kila mmoja hadi geji baa 150. Lori lilifika saa 11 alfajiri, mwezi wa saba. Mtunza ghala alipopima, hakuna mtungi uliosoma zaidi ya baa 128. Akaandika kwenye hati kwamba kila mtungi una upungufu wa baa 22 au 23, na kwamba dereva ajieleze ameuza wapi oksijeni ya serikali.

Dereva hakuwa na maelezo. Alisema hakufungua koki. Wakubwa wengine wakamtetea kwa hoja dhaifu, eti ni mlima ndio umepunguza. Hoja hiyo ilimponza zaidi, kwa sababu si kweli. Tofauti ya hewa kati ya bondeni na uwandani ni sehemu ndogo ya baa moja, tena ingeifanya geji isome zaidi kidogo, si pungufu. Barua ya kumsimamisha kazi ilikwisha kuandikwa, ikabaki sahihi. Mimi niliitwa kama mjumbe wa kamati.

Niliomba hati ya kiwanda. Kulikuwa na safu ya joto la mtungi wakati wa kujaza, safu ambayo hakuna aliyeisoma. Imeandikwa nyuzi 47. Ndivyo inavyokuwa, maana gesi ikishindiliwa haraka hupata moto, na mtungi nao hupata moto. Alfajiri ile hapa ilikuwa nyuzi 10, na mitungi ilikuwa imelala usiku kucha juu ya lori. Nikaandika ubaoni mbele ya kamati:

Kanieneo kamili wakati wa kujaza: baa 151.
Joto wakati wa kujaza: kelvini 320.
Joto wakati wa kupokea: kelvini 283.
151 × 283 ÷ 320 = 133.5.
Toa hewa ya nje, 0.8: geji isome 133 hivi.

Yaani baa 17 zimepotea bila tone kutoka. Mjumbe mmoja, mtu makini, akauliza: "Na hizo 5 zilizobaki je? Hizo ndizo alizouza?"

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake ni kwamba kanuni yetu inaitwa ya gesi kamilifu, na oksijeni si gesi kamilifu. Inapobanwa kiasi hicho na kupozwa, molekuli zake huanza kuvutana, zikagonga kuta kwa nguvu pungufu kuliko kanuni inavyodai. Johannes van der Waals wa Uholanzi alilieleza jambo hili mwaka 1873. Lakini mtu hawezi kuokolewa kwa jina la Mholanzi, kwa hiyo tulitafuta ushahidi wa aina mbili.

Wa kwanza ulikuwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu hupigwa chapa shingoni mwake. Kwa kanuni, mtungi wa lita 47 wenye baa 151 kwa kelvini 320 una moli 267 hivi za oksijeni, ambazo ni kilo 8.5. Kwa kuwa oksijeni si kamilifu, hasa huwa zaidi kidogo. Kama baa 23 zingekuwa zimeuzwa, kila mtungi ungepungua kwa kilo 1 na zaidi. Tulipima mitungi yote 12, tukatoa uzito wa chapa. Kila mmoja ulikuwa na kilo 8.7 au 8.8.

Wa pili ulikuwa jua. Tuliiacha mitungi kivulini nje ya ghala, koki zimefungwa, mbele ya macho ya wote. Saa 8 mchana, hewa ikiwa nyuzi 27, geji zilikuwa zimepanda hadi karibu baa 138. Nilimwuliza mtunza ghala kama kuna mwizi anayerudisha gesi mchana kupitia koki iliyofungwa. Akacheka, na kwa heshima yake niseme kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeichana barua ile.

Dereva yule aliendelea na kazi yake. Hati yetu ya kupokelea sasa ina safu mbili, moja ya baa na moja ya joto, na hakuna anayeruhusiwa kujaza moja akaacha nyingine. Ndugu zangu, hakuna aliyekuwa mbaya katika shauri lile. Mtunza ghala alilinda mali ya umma, kama inavyompasa. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa hesabu ya shuleni, na kwa kukosekana kwake familia moja ingekosa mkate.

MTUNGI UTAFIKA?

Kuna hesabu nyingine ya oksijeni iliyo rahisi zaidi na ya lazima zaidi. Mgonjwa anasafirishwa kutoka vituo vya mbali, tuseme mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuja hospitali. Ndani ya gari kuna mtungi wa lita 10, geji inasoma baa 50. Je, utatosha?

Oksijeni inayoweza kutoka ni ujazo wa mtungi mara namba ya geji: 10 mara 50, ni lita 500. Hapa hatujumlishi hewa ya nje, kwa sababu geji ikifika sifuri oksijeni iliyobaki ndani haitoki tena. Daktari ameamuru lita 5 kwa dakika. Gawanya, unapata dakika 100. Kama safari ni ya saa 2 na nusu, yaani dakika 150, zinahitajika lita 750. Mtungi huu utaishia njiani, porini, gizani. Safari hiyo inataka baa 75, na juu yake akiba ya baa 20 kwa ajili ya tope, pancha au daraja bovu. Jumla baa 95. Mwenye kujua hesabu hii hubadilisha mtungi au huongeza wa pili kabla injini haijawashwa. Kiasi cha kumpa mgonjwa ni amri ya daktari, lakini kujua kama mtungi utafika ni wajibu wa kila aliyemo ndani ya gari, pamoja na dereva.

MAHALI KANUNI INAPOKOMA

Sasa niwaonye vijana. Kujua kanuni ni pamoja na kujua mpaka wake. Siku hizi nyumba nyingi mjini zinapikia mitungi ya gesi. Chukua mtungi wa kilo 6, wenye ujazo wa lita 14 hivi. Ukiihesabu gesi hiyo kwa PV = nRT, utapata kanieneo inayozidi baa 200. Mtungi ule wa bati jembamba ungekuwa bomu jikoni. Ukweli ni kwamba ndani hakuna hata baa 10 kwa siku ya kawaida.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kilichomo si gesi, ni kimiminiko. Mtikise usikie. Juu ya kimiminiko pana mvuke, na kanieneo ya mvuke huo hufuata joto na aina ya gesi, haifuati kiasi kilichobaki. Mtungi uliojaa na mtungi uliobakiza robo husoma karibu sawa, mpaka tone la mwisho likauke. Kwa hiyo geji haiwezi kukuambia umebakiza kiasi gani. Mizani ndiyo isemayo kweli. Ukinunua, pima, kisha toa uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa ubavuni. Na mwali ukiwa dhaifu asubuhi ya baridi ya Sumbawanga, si lazima muuzaji amekupunja. Baridi hupunguza mvuke. Wala usiupashe mtungi moto ili kuuamsha. Hilo limeunguza watu.

HELIAMU YA BONDENI

La mwisho ni la kiraia. Mwezi Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba sehemu ya Bonde la Ufa la Rukwa inakisiwa kuwa na heliamu ya futi za ujazo bilioni 54. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, upande wa kusini wa bonde katika Mkoa wa Songwe, kilitoa gesi yenye heliamu hadi juu ya ardhi. Heliamu hutumika kupozea mashine kubwa za kupigia picha mwili hospitalini, na haipatikani kila mahali duniani.

Futi bilioni 54 ni mita za ujazo bilioni 1.5. Lakini mtu aliyesoma shule hii anapaswa kuuliza mara moja: mita hizo zimepimwa kwa kanieneo gani na joto gani? Mita moja ya ujazo ya gesi iliyoko chini kwenye baa 100 na nyuzi 60, ikiletwa juu kwenye baa 1 na nyuzi 15, huwa zaidi ya mita 86. Gesi ni ile ile, namba ni mbili, na zinapishana kama mchana na usiku. Tena makisio ni makisio. Si sawa na gesi iliyokwisha pimwa na kuuzwa. Asiyejua kuuliza swali hilo hawezi kusoma mkataba, wala gazeti, na watoto wa bonde lile wanastahili wasomaji wanaojua kuuliza.

OMBI NA MASWALI

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi kwa wanafunzi wenzangu wa zamani. Tuinunulie maabara ya shule barometa moja, vipimajoto kumi na viwili, geji ya matairi, bomba la baiskeli na sirinji kubwa chache zisizo na sindano. Sidhani kama gharama yake itazidi ya chakula tulichokula mchana huu. Mwanafunzi akishika bomba la baiskeli, akaziba tundu kwa kidole na kushindilia, ataijua kanuni ya Boyle kwa mkono wake kabla ya kuiandika kwa kalamu. Mimi naanza kwa kutoa barometa.

Kwa wadogo zangu naacha maswali matatu. La kwanza: mpira wa miguu umejazwa hapa saa 8 mchana, kwa nyuzi 27, geji ikasoma baa 0.7. Asubuhi kuna nyuzi 7. Geji itasoma ngapi? La pili: mtoto mchanga anahitaji lita 2 za oksijeni kwa dakika kwa safari ya saa 3. Mtungi ni wa lita 10. Safari ianze na baa ngapi, pamoja na akiba ya baa 20? La tatu: mzee mmoja amejenga ilungu la mita 4 badala ya 3, kwa joto lile lile. Amepata paskali ngapi za kuvuta hewa? Majibu bandikeni kwenye ubao wa matangazo. Atakayekosa ajaribu tena. Atakayesahau kujumlisha 273 akamwulize dereva wa lori, maana yule hatasahau maisha yake yote.